Dereva Aliyetaka Kutoroka na Cheti Changu

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko? Sisi wazima, ila Baba ana mafua na anayatangaza kama msiba.

Sasa kaa chini. Yule mwanao uliyesema kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu, leo ni msaidizi wa daktari wa meno, mwenye cheti. Soma tena polepole, nasubiri.

Usidhani nimekiokota. Chuo kilitaka kidato cha nne, nami niliishia cha pili, basi nikasoma masomo ya jioni na watu wenye wajukuu. Nilipofaulu ndipo chuo kikanipokea, nikafundishwa kutakasa vyombo kwa mvuke, kukoroga dawa ya kuzibia meno, na kushika mpira wa kunyonya mate bila kumnyonya mtu ulimi. Mwanzoni niliwanyonya wawili. Tuyaache hayo.

Mtihani wa mwisho ni wa vitendo, kwa mgonjwa wa kweli. Ukifeli unarudia mwaka mzima, na Baba alishasema mwaka mwingine halipi. Mgonjwa niliyepangiwa ni dereva wa lori aliyekuja kung'olewa jino, mwili kama kabati. Sindano ya ganzi haijatoka hata kwenye trei, kabati limeshasimama, linaelekea mlangoni na kitambaa kifuani. Daktari akanitazama mimi. Mkufunzi aliyekuwa akinipa alama akaacha kuandika.

Maneno yote ya kumtuliza mgonjwa yakanikimbia. Nikamshika mkono.

"Kaka, mimi naogopa kuliko wewe. Huu ni mtihani wangu. Ukitoka hapo, unatoka na cheti changu."

"Na ukifeli?"

"Nitakuja kuwa utingo wako."

Akanipima juu mpaka chini, akarudi kitini mwenyewe.

Nikampitishia daktari sindano chini ya kidevu cha dereva, asipoweza kuiona. Kila chombo nikampa daktari kabla hajanyoosha mkono. Jino lilipotoka, dereva akamgeukia mkufunzi na mdomo uliokufa ganzi: "Tumefaulu?" Mkufunzi akacheka, akatikisa kichwa kukubali.

Matokeo yametoka juzi: wa pili. Wa kwanza ni binti mmoja asiyeongea kabisa, kwa hiyo kati ya waongeao mimi ndiye kinara. Kesho naanza kazi kwa daktari yuleyule, kwa mshahara. Baba, na mafua yake, ameshakizungusha cheti kwa majirani wote.

Wasalimie mapacha na kaka yao Kipara. Waambie wapige mswaki, nikija nawakagua.

Mungu akulinde, Shangazi, akuachie na meno uliyobaki nayo.

Ni mimi nikupendaye kuliko unavyostahili,
Mdomo, msaidizi wa daktari