Kofia Yangu Mulangoni mwa Harusi ya Neema

Mama Bahati, mwenzangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, maana unajua nikikasirika naandika marefu. Goti lako liko namna gani? Na ziwa je, limerudi nyuma, ao bado linalala mu jiko la jirani yetu muuza samaki ndagala? Minye huku Ubeleji niko muzima. Macho waliyonitibu yanaona vizuri, na hayo ndiyo yaliyoniletea hasira.

Ulinituma neno moja tu: nisimame kwa harusi ya mujukuu wetu Neema, niseme baraka ya nyumba yetu namna baba yangu alivyosema kwa dada zangu, kofia kichwani, fimbo mukononi. Kwetu muzee hatoi mutoto wa kike kichwa wazi, kama vile anamufukuza. Basi sikia walichonifanyia.

Karatasi ya mwaliko ilisema wanaume wote wavae smokini. Ni kostime nyeusi, ukosi unang'aa kama umepakwa mawese, na shingoni si karavati, ni kifundo kidogo kama kipepeo aliyepotea njia. Nikamwambia mutoto wetu Bahati, baba ya Neema, "Niko na kostime yangu ya kahawia, ile mama yako alinichagulia mu soko la Kimanga. Ingali mupya!" Nikamuonyesha ile lebo ya kiwanda juu ya mukono. Nilikuwa nimeiacha palepale, kila mutu ajisomee kwamba haikutoka mu mitumba. Bahati akacheka, akachukua makasi, akaikata. Kaa! Lebo ya baba yake!

"Baba, lebo inatolewa siku ya kwanza. Na kahawia haivaliwi jioni."

Nani alikataza kahawia jioni? Ng'ombe za milima ya Mulenge zikirudi jioni zinabadilisha rangi?

Akanikodishia smokini. Minye, baba ya watoto saba, nikaingiza mikono mahali makwapa ya watu nisiowajua yamekwisha kucheza dansi! Na amri hazikuisha. Saa ya mukono, toa. Kalamu zangu mbili za mufuko wa kifuani, toa. Sasa watu watajuaje kwamba nilifika darasa la tano? Nikajitazama mu kioo, nikaona kunguru wa bandari ya Kalundu, yule wa kifua cheupe anayeiba samaki. Nikakubali yote kwa ajili ya Neema. Lakini kofia, hapana.

Mulangoni mwa ukumbi kijana aliyevaa soksi nyeupe za mikono akaninyooshea mukono. "Kofia, muzee."

"Hii kofia iko kazini," nikamujibu.

Bahati akaanza kutoka jasho. "Baba, nakuomba, wakwe wanatazama."

"Watazame. Si ndiyo harusi?"

"Huku mwanaume akiingia ndani na kofia, ni matusi."

"Na kwetu nikiitoa, ni kumutupa mutoto. Chagua weye tutakayemutukana."

"Basi, baba, utabaki inje."

Mutoto niliyemufundisha kufunga vifungo! Nikaenda kukaa mu chumba kidogo cha kutundikia makoti.

Ndipo Neema akaja, ameshika gauni lake juu kama anavuka muto, bwana-harusi Luka nyuma yake. "Babu, mbona umekaa na makoti?"

Nikamueleza. Akafikiri kidogo. "Amri ya kofia ni ya mule ndani. Hapa hatujaingia bado. Sema hapa."

Akapiga magoti na gauni lile lote. Luka akamutazama, hakuelewa kitu, akapiga magoti pia. Fimbo yangu Bahati alikuwa ameificha, basi nikachukua mwavuli wa mutu. Nikasema maneno yote kwa Kifuliiru chetu, nikawataja babu zetu mumoja mumoja. Kijana wa mulangoni akavua soksi zake za mikono, sijui nani alimwambia. Na Bahati wako, aliyekuja kututafuta, akalia, mujinga yule.

Kisha nikatoa kofia mwenyewe, nikamupa kijana, tukaingia. Walipoita babu aseme neno, nikasimama, upara unang'aa kushinda ukosi wa koti. "Mukule," nikasema, "chakula kinapoa." Wakapiga makofi sana.

Lakini tangu siku ile Bahati ananiambia baraka ya kati ya makoti ni nusu, ati wakwe hawakuisikia. Tangu lini baraka inaomba ruhusa ya wakwe? Ita dada yangu wa Kalundu, ita shemeji yako muzee wa kanisa, mukae, muamue: imeshika ao haikushika? Mukisema haikushika, nitawarudisha Neema na Luka mu makoti yale, na safari hii Bahati atapiga magoti mbele yao.

Nisalimie mukaza-mwana wetu aliyejifungua, na fundi wa Kimanga aliyepunguza suruali yangu. Usimwambie habari ya lebo, ataumia.

Ni minye, mume wako asiyefundishika,
Baba Bahati