Waliolia Kalenga

Da Neema,

Shikamoo. Pole na baridi ya Mbeya. Huku Iringa upepo umeshachukua kofia yangu.

Leo klabu yetu ya wasomaji tulishuka Kalenga kuona ilipokuwa ngome ya zamani, kisha tukakaa kando ya mto Ruaha Mdogo. Nikasimama kuwasomea wenzangu lile shairi langu la mashujaa waliouawa na Wajerumani. Akina mama watatu waliokuwa wanatoka shamba wakatua majembe, wakaketi, wakaanza kulia. Walidhani tuna msiba. Mmoja akatugawia mahindi yake ya kuchemsha. Tukaona aibu kukanusha, tukala.

"Poleni, wanangu. Marehemu alikuwa mzee?" akaniuliza.

"Mama, ni wale waliokufa hapa zamani, vita vya Mjerumani."

Akafuta macho kwa khanga. "Kumbe ni babu zetu. Basi anza upya, mwanzo sikuusikia."

Wasalimie watoto, Mungu awatunze. Ila dada, wewe ulisema shairi hili halimlizi hata anayekata vitunguu. Nikirudi nitakusomea, na kisu nitakishika mimi.

Mdogo wako,
Jofrey