Neno Nililokataa Kulitamka Siku ya Saba Saba

Kijiji cha Ujamaa, Njia ya Kisorya,
S.L.P. Bunda.
30 Julai 1975

Mpendwa kaka Ryoba,

Shikamoo. Natumaini Tabora ni salama, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Wifi hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Sisi huku tu wazima wote. Shida ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anaongea kuliko mtu yeyote nyumbani. Pamba tunamalizia kuchuma, muhogo upo, na sato wiki hii ni wengi mpaka paka wanachagua.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile karatasi ya kuomba radhi uliyonipigia mashine ofisini kwako ili niweke sahihi tu. Ninairudisha humu bila sahihi. Sitaomba radhi, kaka. Naona habari zilizokufikia huko zilifika nusu, basi nipe nafasi nikumalizie.

Siku ya Saba Saba yalifanyika mashindano ya chemsha bongo mjini Musoma. Butiama walileta watu wao, Nyakato wakaleta wao, na kijiji chetu kikanipeleka mimi pamoja na Bernado wa dukani, kwa kuwa ndimi ninayefundisha darasa la watu wazima. Zawadi ilikuwa redio, na kila mtu hapa kijijini alikuwa ameshaamua itawekwa wapi.

Maswali yalikuwa ya kila namna. Waliuliza tarehe ya Azimio la Arusha, nikajibu. Wakauliza ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, Bernado akasema Bugobogobo huku miguu inamcheza. Wakauliza atokaye Bunda kwenda Ukerewe anavukia wapi, hilo hata Shida angejibu Kisorya. Swali la sinema ndilo lililowatoa Butiama. Waliulizwa sinema ilianza ikiwa bubu au ikisema. Wakasema ikisema, kwa sababu gari la sinema lililokuja kwao lilikuwa na vipaza sauti viwili. Uwanja mzima ulicheka.

Tukabaki sisi na Nyakato, sawa kwa sawa. Swali la mwisho likaniangukia mimi: sikukuu ipi kubwa ya Wakristo hubadilika tarehe kila mwaka?

Huenda Tabora imekusahaulisha mambo ya kwetu, kwa hiyo nikukumbushe. Baba yake Magesa, yaani baba mkwe wangu, alizaliwa siku hiyo hiyo na mapadri wakambatiza kwa jina la Pasaka, na kwetu jina la mkwe halitamkwi. Kuliandika naliandika, lakini kulitamka halijawahi kutoka mdomoni mwangu tangu nilipoolewa. Sisi wakaza mwana wa nyumba ile sikukuu hiyo tunaiita Ufufuko, hata kanisani, na padri ameshatuzoea.

Nikajibu Ufufuko. Mwamuzi, bwana mmoja aitwaye Silasi, akasema anataka jina lake lenyewe. Nikamweleza sababu. Nikaomba chaki niliandike ubaoni, akasema jibu ni la mdomo. Watu wetu wakaanza kunipigia kelele nitamke tupate redio. Magesa mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Hapo baba mkwe mwenyewe akasimama kule nyuma akasema kwa sauti, "Mama Shida, litaje. Mimi nimekuruhusu."

Nikamjibu, "Asante baba. Wewe umeruhusu, lakini mimi sijajiruhusu."

Nikakaa. Swali likaenda Nyakato, na Hamduni fundi cherehani, Mwislamu safi, akalijibu na kuondoka na redio.

Kaka, unaniuliza ni kiburi gani hiki. Mzee huyu hajawahi kuukaribia mlango wangu bila kukohoa kwanza. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, na ndugu za Magesa wakakaa kujadili nirudishwe kwetu, ni yeye aliyewaambia kuwa mama huyu haendi popote. Nilikuwa ndani nasikia, nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Heshima ninayompa niliianza mimi kwa hiari yangu, na hainunuliwi kwa redio. Hata yeye mwenyewe hana mamlaka ya kuniondolea.

Tuliporudi, kamati ya kijiji ikaninyang'anya darasa. Walisema nimeaibisha kijiji kwa mila zilizopitwa na wakati. Hilo liliniuma kuliko kelele zote za Musoma. Wanawake wale niliwapokea hawajui kushika kalamu, na sasa mmoja wao anasoma gazeti kwa kidole, polepole, lakini anasoma. Ijumaa wakaniita kikaoni. Mwenyekiti Masatu alianza kwa upole.

"Mama Shida, mambo haya tulikuwaga nayo zamani. Litaje mara moja tu hapa mbele yetu, darasa unarudishiwa leo leo."

Nikasimama. Nikasema nitalitaja, ila kwa kuwa tunaendeleza chemsha bongo, kwanza na mimi nina swali moja kwa mwenyekiti. Nikamuuliza, "Mama mkwe wako anaitwa nani?"

Masatu akafungua mdomo, kisha akainama kupanga makaratasi yake upya. Nikawageukia wanakamati wengine, kila mtu kwa mama mkwe wake. Mmoja alitazama dirisha, mwingine akaanza kutafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. Masatu akasema kikao kimefungwa, na mimi niendelee na darasa.

Jumatatu tumeanza tena. Wanawake wamekuja wote, na wengine wapya juu yao.

Nisalimie wifi sana, na watoto mmoja mmoja. Mpe salamu ndugu yetu Keraryo ukikutana naye stesheni. Baba mkwe anakusalimu, Magesa naye anakusalimu, ameshaacha kuninunia. Mungu akutunzie kifua na kazi yako, akurudishe kwetu siku moja tukuone.

Na kama bado unataka niombe radhi, nimekubali, kwa sharti moja. Jioni, wifi akiwa anakusikia, simama katikati ya nyumba umtaje mama yake kwa jina. Ukimaliza, niandikie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye daima,
Wankyo