Paa la Upande Mmoja

S.L.P. 2906,
Kitale.
Jumapili, 14 Mei 2006.

Asubuhi ya manyunyu. Ukungu umelala juu ya mji tangu alfajiri na jua halijajionyesha.

Mpendwa ndugu yangu Jotham,

Nakusalimu kutoka huku kwetu. Hali yako huko Kanada? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona kabisa? Na shemeji Sally na mtoto, wanaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye yupo, goti linamuuma siku za mvua, na huu ni msimu wa mvua. Habari za Baba nimeziweka nyuma, nitazifikia.

Mahindi ya nyumbani Myanga yamefika magotini. Yale ya upande wa mto yamegeuka manjano kwa maji mengi, na sidhani tutavuna kitu pale.

Ile diski ya kuchora nyumba uliyompa Emmy aniletee ilifika salama mwezi wa pili. Bwana Cheruiyot, yule mpimaji wa ardhi ninayemfanyia kazi, aliniruhusu kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi, mradi nisiiguse kabla ya kazi kwisha. Basi kila jioni nimekuwa nikibaki. Mwanzoni ilinishinda. Ukimaliza kuta nne, programu yenyewe inaleta paa la pande mbili bila kuulizwa. Nilihangaika mpaka nikajua kwamba lazima uende ukuta kwa ukuta, uuambie huu hauna paa, huu hauna paa, mpaka ubaki mteremko mmoja kama ulivyotaka. Dari nayo ilikuwa ikijileta bapa kama ubao wa chapati. Siku niliyofaulu kuiondoa, mbao zikapanda na paa kutoka ukuta wa nyuma mpaka ule wa mbele, nilibonyeza kile kitufe cha kutembea ndani nikajikuta nimeinua uso kuangalia juu, peke yangu ofisini.

Ni nyumba nzuri, Jotham, hii unayotaka kujenga nyumbani. Ukuta wa mbele mrefu, madirisha yake yanatazama Mlima Elgon, maji yote ya mvua yanashuka nyuma hadi kwenye tangi moja. Niliyaamini maelezo yako yote. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mbingu ya ndani ya kompyuta ni ya buluu siku zote.

Pasaka nilichapisha picha kwa rangi nikaenda nayo nyumbani. Unajua Baba amekuwa mgonjwa tangu Januari. Alikuwa amekalia kiti chake barazani, blanketi mabegani. Mama aliitazama kwanza, akauliza, "Na huko juu patupu hivi mtaweka nini, mahindi?" Wamalwa fundi, jirani yetu, alikuwa amekuja kumjulia Baba hali. Akasema, "Si hii ni duka ya mandazi, bana. Kaunta ndiyo imesahaulika." Tulicheka. Baba hakucheka. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, ambaye huniita mama, akauliza, "Mama, nani amekufa?"

Nilidhani ugonjwa umemchanganya. Nikamwambia hakuna aliyekufa, hii ni nyumba ya Jotham. Akasema, "Hii niliijenga mimi. Niliijengea Wanyonyi."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Baba mdogo Wanyonyi alipofia Mombasa, hakuwa na nyumba hapa nyumbani, na maiti ya mwanamume haiwezi kulazwa nje kama ya mgeni. Baba na majirani walimsimamishia kibanda haraka haraka kabla gari halijafika. Mabati hayakutosha pande mbili, wakaezeka upande mmoja, mbele juu, nyuma chini. Hakuna aliyewahi kuwasha moto mle. Mwili ulilala humo usiku mmoja, ukazikwa, kibanda kikaoza chenyewe. Na mimi, Jotham, nimekichora upya, nikakitia madirisha, nikampelekea mgonjwa akitazame.

Usifikiri nakulaumu. Wewe umeona nyumba za namna hiyo kando ya maziwa ya huko, watu wanaishi ndani na kufurahi. Mimi nami napanga chumba katika ploti ambayo paa lake lote ni la upande mmoja, kama ploti zote za mji huu, na sikuwahi kuliwazia lolote. Za mjini hatuzihesabu kuwa nyumba.

Baba alisema jambo moja tu zaidi: yeye hatapiga kigingi cha kwanza cha nyumba hiyo. Na unajua bila kigingi cha Baba hakuna atakayekubali kuchimba msingi pale, hata Wamalwa. Kijumba chako cha ujana kilianguka mvua za mwaka juzi. Ukija kesho, wewe mwanamume uliyetahiriwa, huwezi kulala chini ya paa la baba yako. Utalala wapi?

Nilirudi kwenye kompyuta nikajaribu. Inawezekana kuweka pande mbili na bado dari ipande mpaka kileleni, uwazi wako usipotee. Madirisha ya mlima yatapungua, hayataisha. Lakini sikuwahi kuchapisha, kwa sababu Jumamosi iliyopita Baba mwenyewe aliomba ile picha na penseli.

Sasa hazungumzi sana, na chakula ni uji tu. Mama alimwinua, mimi nikashika ubao chini ya karatasi. Alianzia pale juu, kwenye ukuta wako mrefu, akaanza kuteremsha upande wa pili wa paa. Alipofika nusu akakomea hapo, akanirudishia penseli. "Nitamaliza kesho," akasema.

Hajaiomba tena. Tulipompeleka kwa daktari, ametuambia tumrudishe nyumbani tusimlete tena, na sote tunaelewa maana yake.

Ndiyo sababu sikukutumia barua pepe. Karatasi hiyo nimeikunja humu ndani, ile yenyewe, mstari wa Baba ni ule wa penseli. Nilijaribu kuuweka kwenye kompyuta kama alivyouacha, ikakataa. Haikubali paa lisilofika ukutani. Ningeweza kuumalizia mimi kwa rula, lakini si nyumba yangu. Njoo nayo, umshikie mkono aumalize, na kigingi mkipige pamoja. Usingoje likizo.

Mama anakusalimu, na shangazi Wilkista wa Matulo, na Phelista na watoto wake wote. Wamalwa anasema hakukusudia ubaya. Mwambie Sally tunamwombea. Mungu akufunike ugenini na akufikishe ungali na wa kumwita baba.

Ni mimi dada yako akupendaye, ninayekutazamia,
Nasambu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kubandika stempu: nilizima taa mapema lakini sikupata usingizi. Mvua ilinyesha sana, nikawa nasikiliza maji yakishuka upande mmoja, yote upande mmoja, juu ya kichwa changu. Nililala saa tisa.