Mwani Arobaini

Jambiani, Unguja
10 Septemba 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama, na Mama mgongo umepungua kumuuma. Mimi ni mzima, tena hili nalisema kwa kiapo, maana najua Baba mdogo Musa keshakusimulia vingine. Simu yangu hupokei, leo siku ya pili, basi naandika. Karatasi huwezi kuikata.

Ukweli ni huu. Juzi tulikuwa mwambani na wanafunzi wenzangu, maji yametoka, vidimbwi viko wazi. Kazi yetu ni kuweka fremu ya mraba juu ya jiwe, kuhesabu kila kilichomo ndani yake, kisha kuchuma mwani wa kila aina, kuukausha na kuutambua kwa jina. Mwalimu anataka aina arobaini kabla Oktoba haijaisha. Asiyefikisha, mwaka wake umekwenda. Nilikuwa na thelathini na moja, nimezibandika kwenye karatasi, na siku hiyo nilizibeba zote mkobani ili nilinganishe. Nikauweka mkoba juu ya jiwe kavu, nikaenda kuinamia kidimbwi kimoja chenye jongoo bahari.

Baba, kwetu jiwe kavu ni jiwe kavu. Ziwa likipungua linapungua kwa miezi. Ukiacha kanga juu ya jiwe asubuhi, jioni unaikuta. Basi nami nililiamini jiwe la bahari vivyo hivyo. Nilipoinua kichwa jiwe halipo, mkoba haupo, na maji yamejaa kati yangu na ufukwe. Wenzangu walishatoka, kila mmoja akidhani saa ya maji naijua. Bi Shadia, mama mmoja anayelima mwani hapa, ndiye aliyenifuata akanishika mkono, maji yakiwa kifuani. Nilikunywa chumvi, nikatapika, basi.

Usinikasirikie kabla hujanijibu.

Mwanao,
Mwanakombo

*

Ujiji
17 Septemba 2025

Kwa binti yangu Mwanakombo,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, mgongo wake ni ule ule. Dagaa wapo kiasi.

Barua nimeisoma. Miaka thelathini na minne niko ziwani, sijawahi kutolewa majini na mtu. Leo Musa anasimama mbele ya watu, tumetoka kuswali alasiri, anasema binti wa Abdulkarimu kakokotwa na mama mkulima wa mwani kama kapu. Walicheka. Mzee Iddi alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Nilikwambia tangu mwanzo. Mwanamke wa kwetu hapandi mtumbwi wa uvuvi, na hiyo si dharau, ni desturi tuliyoikuta. Wewe ulipokatazwa mtumbwi ukaamua kuiingia bahari nzima kwa miguu. Na unatafuta nini humo? Majani! Hapa Ujiji hakuna anayeyala wala anayeyauza. Utamtajia nani majina yake?

Rudi nyumbani. Katubuka, hapa jirani, kuna shule inatafuta mwalimu wa sayansi, nimeshakusemea. Tarehe tano Oktoba nikuone hapa. Ukiipitisha, usiniandikie tena. Nimemaliza.

Baba yako,
Abdulkarimu

*

Jambiani
25 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Pole kwa kazi, na pole kwa maneno ya watu.

Siji.

Nimeliandika peke yake ili usilitafute. Mtumbwi mlinikatalia nikiwa na miaka tisa, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na miaka tisa. Sasa nina ishirini na tatu. Nilifanya kosa la mtu wa ziwa, nimelikubali, wenzangu wamenicheka nami nimewaachia wacheke. Lakini kicheko hakijawahi kumzamisha mtu, Baba. Kama Mzee Iddi kofia yake imeanguka, aiokote.

Tena nikwambie. Wenzangu hutazama saa za maji kwenye simu. Mimi nilimuuliza Bi Shadia yeye anajuaje, akasema anahesabu mwezi. Nilicheka peke yangu. Nani alinifundisha kuhesabu mwezi kama si wewe? Mwezi ukiwa mpevu taa zenu hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na wewe unashinda nyumbani ukishona nyavu. Siku hizo hizo, huku, bahari inatoka mbali kuliko kawaida, wanaita bamvua. Mapumziko yako ndiyo kazi yangu. Bamvua linalokuja ni tarehe saba mpaka kumi Oktoba. Unataka siku hizo niwe nimeshakaa Ujiji. Mimi nitakuwa mwambani.

Umesema nisikuandikie. Nitaandika.

Mwanao,
Mwanakombo

*

Jambiani
12 Oktoba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Hali ya Mama? Tarehe tano imepita na hujanijibu, nami sikutegemea. Afya yangu ni njema, ila miguu imechanjwachanjwa na mawe.

Tarehe nane maji yalikuwa yamekwenda kabisa saa nne na nusu asubuhi. Nilikuwa na saa mbili, si zaidi, na safari hii mkoba ulikaa mgongoni. Bi Shadia hakunisindikiza. Alibaki kwenye shamba lake, lakini nilijua ananitazama.

Laiti ungeona. Kwenye kidimbwi kimoja, kidogo kama beseni la Mama la kuoshea dagaa, nilihesabu aina sita. Kuna mwani wa kijani mwembamba kama mfuko wa nailoni. Kuna wa kahawia wenye vifuko vya hewa, ukivibinya vinapasuka. Kuna mwekundu ulioganda kwenye jiwe mpaka uukwangue kwa kisu. Mmoja ulinihangaisha siku mbili, nikiuandika kuwa ni aina mbili, kumbe ni ule ule: kivulini mwekundu, juani umegeuka manjano. Pweza mdogo alinikodolea macho kutoka kwenye tundu lake, nikamwambia nami natafuta riziki.

Mchanga wa chini ya kidimbwi ulipoanza kutikisika nilijua maji yamegeuka, nikainuka nikatoka. Hakuna aliyeniita. Nilifika ufukweni maji yakiwa ya visigino. Siku nne nilifanya hivyo, na pamoja na zile nilizochuma upya tangu mkoba ulipochukuliwa na maji, mwishowe nilikuwa na arobaini na tatu. Jana mwalimu alizipitia moja moja, akazipokea.

Nimekukaidi, Baba, na ningekukaidi tena. Lakini nisikudanganye, simu ikilia naikimbilia nikidhani ni wewe. Naumia.

Mwanao,
Mwanakombo

*

Ujiji
6 Novemba 2025

Mwanangu Mwanakombo,

Asalaam alaykum. Hatujambo. Mama yako sasa anainama bila kulia, alhamdulillahi. Mitumbwi imelala, ndiyo nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Barua zako mbili zilizofuata yangu ninazo. Ya kwanza niliisoma nikaitupa, mama yako akaiokota. Ya pili alinisomea yeye, kwa sauti, nami nikijifanya sisikilizi.

Niliogopa. Hilo ndilo lililokuwa chini ya yale maneno yote. Nimewazika watu watatu waliofia majini, wote wavuvi hodari kuliko mimi. Kuhusu majani yako sielewi kitu hata sasa, na ule wa rangi mbili umenichosha kichwa.

Jana Musa alinifuata ufukweni kwenye nyavu, watu wamejaa. Akauliza kwa sauti, "Kaka, binti karudi?" Nikamwambia hajarudi wala harudi, kafikisha arobaini na tatu walipotakiwa arobaini. Akasema, "Basi mwanao kakushinda." Nikamjibu, "Ndiyo, kanishinda. Wa kwako kakushinda kwa lipi?"

Hakuna aliyecheka. Usije, mwanangu. Maliza kwanza.

Baba yako,
Abdulkarimu