Maziwa ya Jioni ya Nyakairu

Uholanzi, Jumatano

Kwako Mama,

Natumaini goti limepoa na mvua ya Njoro imewaachia njia ya kupita. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi mifupani, na chai yao ni maji ya rangi tu. Barua hii nimemtumia mdogo wangu Kim kwa simu. Akusomee polepole, asiruke mistari kama kawaida yake.

Jumapili uliniambia chama cha maziwa kimekushauri umuuze Nyakairu, kwa sababu kompyuta yetu ya kazini huku, inayokifanyia hesabu, imemweka na ng'ombe wasiofaa. Ukaniuliza, "Si wewe ulituambia hiyo kompyuta inajua hesabu?" Kisha simu ikakatika. Swali hilo lilininyima raha. Nyakairu aliyetulea sisi sote? Nilitaka kujua ameangukia wapi.

Mama, programu ya takwimu kama yetu huandikwa kwa njia mbili. Kwa njia ya kwanza, kompyuta inasoma maagizo mstari kwa mstari huku ikifanya kazi. Inajikokota, lakini unaweza kuisimamisha katikati uone imefanya nini. Kwa ya pili, maagizo yote yanageuzwa kwanza kuwa lugha ya mashine. Hiyo inakimbia ajabu, ila ukiifungua huoni kitu cha kusomeka. Ni kama unga wa posho mill: mahindi yakishasagwa, huwezi tena kuchagua punje mbovu.

Mwenzangu Joost, kijana mzuri asiye na subira, alikuwa amehamishia kila kitu kwenye njia ya pili. Kazi ya mchana mzima ikawa inaisha kabla hujamenya viazi vya supu. Tulifurahi sote, hata mimi.

Jumatatu nilirudia ile njia ya kwanza, nikaisimamisha ilipofika kwa Nyakairu. Asubuhi, maziwa mengi. Jioni, sufuri. Nikaangalia ng'ombe wa majirani: jioni, sufuri. Waliokuwa juu ni wa wale wachache wanaopeleka maziwa kwa chama mara mbili kwa siku. Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika.

Joost akaniuliza, "Kwani jioni hawakamuliwi?"

Nikamwambia wanakamuliwa, lakini ya jioni ni ya nyumbani: chai, watoto, na chupa ya nyanya yetu, Shosho. Hayaendi kwa chama, kwa hivyo hayaandikwi. Huku kila tone linapimwa na mashine, basi yeye palipo wazi alipahesabu kuwa ng'ombe amekauka.

Tumekubaliana hesabu nzito zibaki kwenye njia ya mbio, na maamuzi kama hayo yaandikwe mahali mtu anaweza kuyasoma. Bado ananung'unika kwamba tutachelewa. Mimi najiuliza ni mambo mangapi mengine ya kwetu yamesagwa humo na hatuyaoni.

Chama tumekiandikia. Lakini broka wa kununua ng'ombe anakuja Jumamosi, na nakujua, ukishaamua umeamua. Tafadhali Mama, aondoke na lori lake tupu.

Nisalimie Baba, Shosho na chupa yake, na Mama Chebet jirani yetu anayekukatia majani goti likikusumbua.

Jioni ya leo ukimaliza kumkamua, pima kwa lile jagi la bluu kabla hujateka ya chai, Kim anitumie kipimo. Miaka yote tumeyanywa maziwa hayo na hakuna aliyeyaandika. Nataka kuyaandika mimi.

Binti yako,
Wanjiru