Nimekula vihesabio vya darasa la kwanza

Lukole, Ngara, 3 Novemba 2002. Ni miaka thelathini na nusu tangu nivuke mto Ruvuvu kutoka Burundi.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukishanisaidia unisute, kwa maana mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na mbili, nimesoma vitabu vingi kuliko vilivyomo katika shule yetu yote, na bado nimefanya jambo ambalo hata mtoto wa miaka saba angelionea aibu, na mtoto huyo wa miaka saba yupo, anaitwa Iteka, na kila asubuhi ananitazama.

Nafundisha darasa la kwanza hapa katika kambi ya wakimbizi, watoto mia moja na wanne ndani ya chumba cha matofali mabichi na turubai, na muhula huu umekuwa wa pilikapilika kuliko yote niliyoifundisha, kwa kuwa wengine wanajua kusoma na wengine hawajui hata kukaa, na tukiimba wa mbele wanamaliza wimbo wakati wa nyuma ndio wanaanza. Kuhesabu nako hakufundishiki bila vihesabio. Wiki ya kwanza walileta mawe, hesabu ya kutoa ikageuka vita, nikapiga mawe marufuku. Wiki ya pili wakaleta vijiti, mama zao wakavifuata darasani kuvitia jikoni, maana kuni za hapa hutafutwa nusu siku nzima. Ndipo nikasema kila mtoto alete punje ishirini za chochote kinachopikwa, kila mmoja na kitambaa chake, nami nitavitunza kwenye debe lenye mfuniko.

Wengi walileta mahindi na maharage ya mgao. Iteka, anayeishi na bibi yake tu, alileta maharage madogo, meupe kama maziwa, kila punje na doa la zambarau kwenye jicho. Mshauri, maharage yale sikuwa nimeyaona tangu mwaka 1972. Mama yangu aliyapika na ndizi mbichi. Nililima Kibimba, kijiji cha hapa Ngara, miaka ishirini na mitano kabla hatujatakiwa kuhamia kambini, nikayatafuta soko la Ngara, la Rulenge, hata la Biharamulo nilipopata safari, sikuyapata.

Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba, watoto walipotoka saa sita, nilifungua kitambaa cha Iteka nikajiambia nayaangalia tu. Nikayanusa. Nikasema niloweke matatu nione kama maji yatageuka ile rangi ninayoikumbuka, na maji yakageuka, na saa kumi yote ishirini yalikuwa kwenye sufuria. Yaliiva upesi, si kama ya mgao yanayochemka mpaka jirani anakuuliza kama unapika kokoto. Yalikuwa vijiko viwili. Niliyala moja moja, na nilipofika la kumi na tano nikaanza kutafuna polepole kama mgonjwa.

Kisha nikahesabu punje ishirini za mgao wangu nikazifunga katika kitambaa kile, nikidhani mtoto hataona tofauti. Jumatatu akafungua.

“Mwalimu, haya si yangu.”

“Ni yako. Maharage yakikaa shuleni hubadilika.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ya elimu.”

Darasa zima liliamini. Tangu siku ile nafunza kuhesabu kwa shida, maana kila mtu ameleta kitu chake kibadilike. Ntwari ameweka kipande cha chaki ndani ya debe akingoja kiwe biskuti, na kila mapumziko anakilamba kuona kimefikia wapi. Frednand ameleta kandambili moja ya babu yake, anataka ziwe mbili.

Ningeweza kucheka pamoja nao, lakini Alhamisi alikuja bibi yake Iteka, Bi Esperansia, mwanamke mpole sana. Alisema mtoto alichukua bila kuuliza, naye hamlaumu, kwa sababu mwalimu akiagiza ameagiza. “Lakini zile ni mbegu, Mwalimu. Nimezipanda kando ya kibanda mwaka hadi mwaka, miaka tisa, ili zisife. Safari hii mvua ilinidhulumu, zilizobaki ni hizo ishirini tu. Tumejiandikisha kurudi Burundi, lori letu ni Desemba. Iteka akimaliza kuzihesabia, naomba nizichukue.”

Nikamjibu neno moja. Nilimwambia, “Zipo.”

Akanishukuru. Jana kaniletea hindi la kuchoma, kwa jinsi ninavyomtunzia mbegu.

Sasa, mshauri, nikisema ukweli sitakuwa tena mwalimu mbele ya watoto wale, na mama huyu atanionaje. Nisiposema, atafika kwao mikono mitupu. Nimewaza kunyamaza mpaka lori liondoke. Nifanye nini?

Mwalimu wa darasa la kwanza


JIBU LA BI AULERIA

Mzee wangu, shikamoo. Naitanguliza kwa sababu nikishaanza kukusema sitaikumbuka.

Pole. Mtu aliyekaa miaka thelathini bila kuonja chakula cha mama yake, akikikuta kwenye kitambaa mbele yake, mkono humtangulia. Kwa vijiko viwili sikugombezi. Nakugombeza kwa lile neno “zipo”. Mwanamke anafunga mizigo yake akilitegemea, na wewe umelila hindi lake. Usiniambie hukulila.

Halafu barua yako ina kila kitu, umri wako, tarehe, idadi ya punje, ila hakuna mstari hata mmoja unaosema ulijaribu kumtafutia mbegu nyingine. Unajua uliyatafuta wapi maharage hayo? Sokoni. Mzee, mbegu kama hiyo haifiki sokoni. Inakaa jikoni kwa mwanamke, ndani ya kibuyu, imechanganywa na majivu isiliwe na wadudu, na hutoka binti anapoolewa au jirani anapoishiwa. Umeishi na sisi Wahangaza, wenyeji wa Ngara, robo karne, umelima nasi, umetuzika na kutuombea, na hukumuuliza mwanamke hata mmoja ana nini kwenye kibuyu chake. Mimi kwetu ni Bukiriro. Bibi yangu aliolewa kutoka ng'ambo ya mto, na hakuja mikono mitupu.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kengele, nenda kwa Bi Esperansia. Usibebe zawadi, usianze na mwaka 1972, usimtaje mama yako. Sema, “Nilizila.” Kisha nyamaza, na atakachosema kipokee chote. Akishamaliza, mwombe akueleze mbegu hiyo, kwa sababu wewe unaijua kwa mdomo na yeye anaijua kwa mkono. Wanawake wa Kibimba na Bukiriro huja kuuza ndizi kando ya kambi kila Jumamosi. Yeye ndiye aulize, wewe ubebe kikapu. Ukiuliza wewe watadhani unachumbia.

Siku hiyohiyo waambie watoto. Unaogopa hutakuwa tena mwalimu. Kwa sasa wewe ni mganga mwenye debe. Mrudishie Frednand kandambili, babu yake anachechemea. Na kwa Ntwari tafuta biskuti halisi, moja, umpe mbele ya wenzake, umwambie imetoka dukani.

Na usingoje lori. Leo umekula vijiko viwili vya maharage. Lori likiondoka ukiwa umenyamaza, utakuwa umekula shamba la watu.


Baada ya wiki kadhaa mwandishi huyo alituletea barua ya pili, nayo ni hii:

Lukole, 15 Desemba 2002

Mpendwa mshauri, nilikwenda, nikasema nilizila. Bi Esperansia alikuwa anapuliza moto, akaendelea kuupuliza muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Kisha akauliza, “Ulitia chumvi?” Nikasema sikuwa nayo. Akasema, “Basi hata kula hukula.”

Siku tatu hakunisalimu. Ya nne alinipa kikapu.

Watoto niliwaambia kabla ya hesabu. Walinyamaza wote, kitu ambacho sijawahi kukifanikisha kwa njia nyingine yoyote. Iteka aliuliza kama elimu haibadilishi kitu basi. Nikamwambia inabadilisha, ila si maharage. Akasema ataniangalia. Ntwari alikula biskuti, akaomba na chaki yake pia arudishiwe.

Jumamosi ya tatu mama mmoja wa Bukiriro, Deodata, alikuja na punje kumi na mbili ndani ya jani la mgomba. Mimi niliona doa lake limekoza mno, nikasema si zenyewe. Bi Esperansia alizigeuza kiganjani, akauma moja, akaniambia ninyamaze.

Lori lao liliondoka Jumanne. Kabla ya kupanda alinihesabia punje tano mkononi, akasema, “Twende, Mwalimu. Nafasi ipo. Utazipanda kwenu.” Iteka alikuwa tayari amesogea kwenye benchi kunipisha. Nilimrudishia zote tano, nikamfunga vidole, na nikamwambia Iteka akifika aendelee na hesabu za kutoa, pale ndipo alipo dhaifu.

Malori yameondoka na wanafunzi wangu wanane, darasa limebaki na watoto tisini na sita, muhula unafungwa Ijumaa. Mama yangu alikufa mwaka 1981, nami nilipata habari miaka miwili baadaye, na pale kilimani kwetu sasa hakuna wa kunifungulia mlango. Burundi sitarudi.